Kupima barafu iliyofichwa ardhini: vigingi vya umeme, nyaya za kukokota, koili au rada?

Anayetafuta maji ya kisima Dodoma au Kitui hufika shambani na vigingi vinne vya chuma, nyundo, mabunda ya waya na kisanduku cha kupimia. Hupigilia vigingi kwenye mstari mmoja, akapitisha umeme kwa viwili vya nje, akasoma volteji kati ya viwili vya ndani, kisha akavisogeza vya nje mbali zaidi ili umeme uzame. Kina ambacho ukinzani wa ardhi unashuka ndicho kinachomtia matumaini, kwa kuwa mwamba uliopasuka na kulowa hupitisha umeme vizuri kuliko mwamba mkavu. Kisanduku cha namna hiyohiyo hubebwa mgongoni Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo nyuzi 78 kaskazini. Kule mpimaji hutafuta kinyume chake: mahali namba zinapopanda.

Nimeifanya kazi hii pande zote mbili, na vijana wetu wanaokwenda kusoma jiofizikia Norway, Kanada au Ujerumani huniandikia swali moja kila msimu wa kazi za nje unapokaribia: "Kaka, nibebe kifaa gani?" Jibu la mstari mmoja halipo. Vifaa ni vinne vinavyoshindana kwa kweli, na kila kimoja kina ardhi yake ya kusema kweli na ardhi yake ya kudanganya. Mimi huchagua kwa kuanza na hilo la pili. Kabla sijauliza kifaa kitanionyesha nini, nauliza kitanidanganya wapi.

Msingi wenyewe kwanza. Permafrosti ni ardhi iliyokaa kwenye nyuzi sifuri au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Maana hiyo inataja joto tu. Barafu haitajwi. Mwamba mkavu wenye nyuzi 5 chini ya sifuri ni permafrosti kamili hata kama hauna tone la barafu, na udongo wa mfinyanzi wenye nyuzi 1 chini ya sifuri ni permafrosti ingawa sehemu kubwa ya maji yake bado ni maji. Juu yake lipo tabaka hai, ambalo huyeyuka kila kiangazi na kuganda tena. Katika bonde la Adventdalen huko Svalbard, karibu na mji wa Longyearbyen, tabaka hilo lina unene wa kama mita moja.

Sasa, umeme hauoni joto, na wala hauoni barafu. Unaona maji ambayo hayajaganda. Ndani ya ardhi mkondo husafirishwa na chembe za chumvi zinazoelea kwenye maji yaliyo kati ya punje za udongo. Maji yakiganda, njia zinazibwa moja moja na ukinzani unapanda. Kwa hiyo kila mara tunaposema "hapa pana barafu" kwa kutumia umeme, tumekisia kutokana na kukosekana kwa kitu kingine. Maji yanaweza kukosekana kwa sababu yameganda, kwa sababu hapo pana mwamba usio na matundu, au kwa sababu pana mapango ya hewa kati ya mawe. Namba haisemi ni ipi kati ya hizo tatu.

Viwango vyenyewe vina upana wa kutisha. Maji ya bahari yana ukinzani wa kama omu-mita (kizio cha ukinzani wa ardhi) 0.2 hadi 0.3. Mfinyanzi uliolowa huwa kati ya moja na mia. Mchanga na changarawe zilizoganda huanzia elfu moja na kupanda hadi makumi ya elfu, na barafu nzito iliyozikwa ardhini hufika laki moja, hata milioni. Ndiyo maana michoro yetu hutumia vipimo vya kuzidisha kwa kumi. Ukitumia vipimo vya kawaida, rangi zote zitakwenda kwenye barafu na sehemu iliyobaki itaonekana kama doa moja.

Kwa macho ya haraka, vifaa vinne vinasimama hivi:

| Kifaa | Kina cha kawaida | Kinapoaminika | Kinapodanganya |
|---|---|---|---|
| Vigingi (tomografia ya ukinzani) | Kama sehemu moja ya sita ya urefu wa mstari | Udongo unyevu juu, barafu chini. Vipimo vya kurudia | Mawe makavu, theluji, chini ya barafu nene |
| Nyaya za kukokota | Mita chache hadi 10 au 20 | Ardhi iliyoganda, majira ya baridi | Ardhi ya chumvi au iliyolowa |
| Koili (usumakuumeme) | Kama mita 6 kwa koili zilizoachana mita 3.66 | Sehemu zilizoyeyuka, chumvi | Ardhi yote yenye ukinzani mkubwa |
| Rada ya ardhini | Mita chache hadi makumi ya mita kwenye barafu safi | Mipaka mikali, ardhi iliyoganda na isiyo na chumvi | Mfinyanzi, chumvi, mawe makubwa |

Jedwali kama hili hufaa kubandikwa ukutani tu. Uamuzi wenyewe unatoka kwenye umbo la ardhi unaloliendea, kwa hiyo nitakwenda umbo kwa umbo. Lakini vigingi vinastahili maneno zaidi kwanza, kwa kuwa ndivyo mzazi wa familia yote hii.

Mfaransa Conrad Schlumberger alianza kupima ardhi kwa umeme mwaka 1912, na Frank Wenner wa Marekani akaeleza mpangilio wake wa vigingi vinne vyenye nafasi sawa mwaka 1915. Waliosomea maji kwetu wanayajua majina hayo kwa sababu mipangilio hiyo ndiyo wanayoitumia hadi leo. Tofauti ya siku hizi ni kwamba badala ya vigingi vinne tunapanga 41 au zaidi kwa mkupuo, tunaviunganisha na kebo nene, na kisanduku chenyewe kinachagua vinne vinne hadi kimemaliza mamia ya michanganyiko. Programu ya kompyuta kisha hutafuta picha ya ardhi inayoweza kuzaa namba zile. Hatua hiyo huitwa inveshoni, na ndipo watu wanapojikwaa.

Inveshoni hupenda picha laini. Ukuta mwembamba wa barafu wenye mpaka mkali hutoka kama wingu lililovimba, na thamani yake hushuka kwa sababu imesambazwa kwenye eneo kubwa kuliko lililo kweli. Tena picha nyingi tofauti zinaweza kuzaa namba zilezile. Kosa dogo la hesabu mwishoni mwa inveshoni linamaanisha kwamba picha inakubaliana na vipimo, halimaanishi kwamba ardhi iko hivyo. Nimeona tasnifu nzuri zikianguka kwenye utetezi kwa jambo hili moja.

Jambo la pili ni mguso. Kigingi lazima kigusane na kitu kinachopitisha umeme. Kwenye udongo unyevu wa Agosti hakuna shida. Kwenye changarawe kavu au ardhi iliyoganda hadi juu, ukinzani wa mguso wa kigingi kimoja unaweza kufika omu laki tatu. Vigingi viwili ni laki sita, na kisanduku cha volti 600 kitasukuma miliampia moja tu. Kwa mkondo huo mdogo, volteji unayoisoma huanza kuzama kwenye kelele. Tunamwagia maji ya chumvi, tunaongeza vigingi viwili viwili pamoja, tunafunga sponji zilizolowa. Zote zinasaidia, na zote zinakula muda.

Nyaya za kukokota zilibuniwa kuukwepa mguso huo. Kifaa kinachojulikana zaidi ni OhmMapper cha Geometrics: mtu, au pikipiki ya theluji, huvuta nyaya zilizolala juu ya ardhi, na nyaya hizo hufanya kazi pamoja na ardhi kama kapasita. Mkondo wa mawimbi ya kilohezi 16.5 huingia ardhini bila kugusa chochote. Kwenye ardhi yenye ukinzani mkubwa ni kifaa cha kustarehesha mno. Unapita juu ya theluji bila kusimama na unapima kilomita kwa siku, wakati wenzako wa vigingi wamemaliza mistari miwili. Ila mawimbi hayo hufa haraka kwenye ardhi inayopitisha umeme. Ukifanya hesabu, kwenye omu-mita 1,000 mawimbi ya kilohezi 16.5 yanazama kama mita 124 kabla ya kudhoofika hadi kama theluthi moja. Kwenye omu-mita 10, mita 12 tu. Juu ya tope la bahari lililolowa, kifaa kitaendelea kutoa namba, na namba zenyewe hazitakuwa na maana. Hakuna kengele itakayolia kukuonya.

Haya, tuingie kwenye maumbo.

Pingo

Pingo ni kilima chenye moyo wa barafu. Jina limetoka kwa Wainuiti wa magharibi mwa Kanada, na karibu na mji wa Tuktoyaktuk ndipo penye mashuhuri kuliko vyote, Ibyuk, chenye kimo cha kama mita 49. Vile vya Tuktoyaktuk huota kwenye vitako vya maziwa yaliyokauka: ardhi iliyokuwa imeyeyuka chini ya ziwa huanza kuganda kutoka pande zote, maji yanabanwa na kusukumwa juu, yanaganda na kuinua ardhi. Vya Adventdalen ni jamii nyingine. Huko maji yenye shinikizo hupanda kutoka chini kabisa kupitia permafrosti, na vingine hutoa chemchemi hata wakati wa baridi kali.

Kwa pingo ninachagua vigingi, bila kusita. Moyo wa barafu ni mkubwa, umefunikwa na udongo unaoshika unyevu wakati wa kiangazi, na tofauti ya ukinzani kati ya barafu na udongo ule ni kubwa mno kukosewa. Vigingi 41 vyenye nafasi ya mita 5 vinakupa mstari wa mita 200 na kina cha kama mita 34. Pima urefu na mwinuko wa kila kigingi, kwa sababu kilima kinakunja njia za umeme, na inveshoni isiyojua mteremko itabuni vitu visivyokuwepo.

Lakini usiulize vigingi chini ya barafu kuna nini. Mkondo huogopa barafu kama paka anavyoogopa maji. Utaizunguka, utapita kwenye tabaka lililoyeyuka juu, na kidogo tu ndicho kitakachofika upande wa pili. Kitako cha barafu kwenye picha yako ni makisio ya programu. Hapa ndipo koili inapolipa gharama yake, hasa Svalbard ambako swali tamu zaidi ni njia inayopitiwa na maji yanayopanda. Koili haisukumi mkondo kutoka juu. Inauamsha ndani ya ardhi kwa uga wa sumaku, na uga huo unapita kwenye barafu kana kwamba haipo. Kitu kinachopitisha umeme chini ya kitu kisichopitisha ndicho chakula chake. Koili zenye kutenganishwa mita 10, 20 na 40, kama Geonics EM34, zinaweza kukuonyesha sehemu iliyolowa ambayo vigingi vimeikosa.

Kuchoronga kungemaliza ubishi wote, ila mara nyingi hakuruhusiwi. Vilima vinane vya Tuktoyaktuk viko ndani ya eneo la hifadhi la taifa la Kanada tangu mwaka 1984, na kwa wenyeji ni alama za njia na minara ya kuangalia mbali. Kifaa kisichotoboa kina heshima yake pale.

Kabari za barafu

Ukitazama tambarare za Adventdalen au za Utqiaġvik kule Alaska kutoka angani, ardhi inaonekana kama mgongo wa kobe: maumbo ya pembe nyingi yenye upana wa mita 10 hadi 30, na mifereji kati yao. Chini ya kila mfereji kuna kabari ya barafu. Baridi kali hupasua ardhi, maji ya theluji iliyoyeyuka huingia kwenye ufa wakati wa machipuo na kuganda, na mwaka unaofuata ufa hutokea palepale. Baada ya karne nyingi kabari inakuwa na upana wa mita moja hadi tatu juu, ikichongoka kwenda chini.

Hapa vigingi vinashindwa na hesabu rahisi. Ili kuiona kabari ya mita moja unahitaji nafasi ya nusu mita. Vigingi 41 vinakupa mita 20, yaani umbo moja tu la kobe wako, na kina cha mita tatu na ushee. Kisha inveshoni inailainisha kabari hadi inafanana na jipu.

Rada, inayotuma mawimbi ya redio ardhini na kusikiliza mwangwi wake, inashinda kwa mbali. Ardhi iliyoganda na isiyo na chumvi ni bustani yake, hasa Aprili ambapo tabaka hai limeganda na theluji inaruhusu kukokota. Antena ya megahezi 100 ina urefu wa wimbi wa kama mita 1.7 ndani ya barafu, kwa hiyo inatofautisha vitu vilivyoachana kwa kama nusu mita. Kila kabari huandika umbo la upinde kwenye mchoro, na kwa siku moja unaweza kuzihesabu kwenye kilomita nzima.

Jihadhari na mwendo wa mawimbi, maana kina chote cha rada kimejengwa juu yake. Kwenye barafu mawimbi hukimbia mita 0.168 kwa nanosekunde. Kwenye maji ni 0.033 tu, na hewani 0.3. Kitako cha barafu kilicho kwenye kina cha mita 10 kitarudisha mwangwi baada ya nanosekunde 119. Ukiwa umeacha mwendo wa udongo wa kawaida, 0.1, kwenye mipangilio ya kifaa, utaandika mita 6 kwenye ripoti yako, na mhandisi atakayezamisha nguzo za nyumba ataamini. Longyearbyen majengo yamesimama juu ya nguzo zilizoshikwa na permafrosti. Mita nne za kosa hapo ni jambo la kukosesha usingizi.

Tena rada huonyesha mipaka, haitaji kilichomo. Inakwambia hapa kitu kimebadilika, nawe unabaki kubahatisha ni barafu juu ya mchanga au mchanga juu ya mwamba. Timu iliyofanya kazi Northwest Territories nchini Kanada na kuchapisha mwaka 2008 iliziunganisha nyaya za kukokota na rada kwenye mistari ileile: ukinzani ukataja nyenzo, rada ikachora mpaka. Kama bajeti yako inaruhusu vifaa viwili vya kukokota majira ya baridi, sijaona ndoa iliyo bora kuliko hiyo kwenye ardhi ya aina hii.

Barafuto za mawe

Hizi ndizo zinazonitesa na ndizo ninazozipenda. Ni ndimi za mawe zinazoteleza polepole kutoka mlimani, barafu ikiwa ndani kama gundi. Ng'ambo ya maji kutoka Longyearbyen, chini ya mlima Hiorthfjellet, upo ulimi mmoja unaoonekana wazi. Juu ni mawe matupu, mengine makubwa kama jiko la gesi, yenye hewa katikati.

Kigingi hakina pa kupigiliwa. Unakichomeka kati ya mawe mawili pamoja na sponji iliyolowa maji ya chumvi, unaomba upepo usiikaushe. Maji hayo unayabeba mgongoni kupanda, kwa vigingi 41. Nyaya za kukokota zinakwama kwenye kila ncha. Rada hupigwa na kila jiwe na kurudisha kelele, ingawa ukishuka hadi megahezi 50 au 25 mawe madogo yanaanza kupotea kwenye mawimbi marefu na mpaka wa chini unaweza kujitokeza. Koili haina la kusema, kwa sababu kila kitu kina ukinzani mkubwa na kifaa hakitofautishi omu-mita elfu tano na laki tano. Vyote kwake ni karibu na sifuri.

Tuseme umevumilia, na vigingi vimekupa doa la omu-mita laki moja. Barafu? Au mapango ya hewa? Umeme hauwezi kujibu, na hapa natamka wazi: asiyeleta ushahidi wa pili asichapishe. Ushahidi wa pili ulio bora si wa umeme kabisa. Ni mitetemo. Nyundo ya kilo tano, bamba la chuma, na masikio, yaani vipokezi vya mitetemo, yaliyopangwa kwenye mstari uleule. Mitetemo hupita kwenye barafu kwa mita 3,500 hivi kwa sekunde, kwenye hewa 330, na kwenye mawe yaliyolundikana bila barafu kwa kawaida haifiki 1,500. Hewa na barafu ambazo umeme unaziona kama pacha, nyundo inazitenganisha mara moja. Na mwamba mgumu, ambao mitetemo inaweza kuuchanganya na barafu, mara nyingi umeme unautofautisha. Zipo hesabu zinazounganisha vipimo vyote viwili na kugawa kila sehemu ya ardhi kuwa mwamba, maji, barafu na hewa. Hazifanyi miujiza, lakini zinakulazimisha kukiri ni kipi hujui.

Mabonde yenye chumvi

Sehemu ya chini ya Adventdalen iliwahi kuwa sakafu ya bahari. Ardhi ilipoinuka baada ya uzito wa barafu ya kale kuondoka, tope la bahari lilibaki na chumvi yake. Maji ya bahari huganda karibu na nyuzi 1.9 chini ya sifuri, na kadiri barafu inavyotengenezeka chumvi husukumwa kwenye maji yaliyobaki, ambayo yanazidi kuwa magumu kuganda. Matokeo yake ni ardhi yenye baridi ya permafrosti na ukinzani wa ardhi iliyoyeyuka. Kazi iliyochapishwa mwaka 2018 kuhusu bonde hilo iliunganisha ukinzani na vipimo vya mwangwi wa sumaku wa viini, vinavyohesabu maji moja kwa moja, na kuonyesha kwamba ndani ya permafrosti ile kuna maji ambayo hayajaganda.

Mtu aliyezoea mabonde ya Dodoma akiona omu-mita 20 hapo, moyo wake utasema maji, na atakuwa nusu sahihi. Yule aliyefundishwa kwamba permafrosti ni namba kubwa atasema hakuna permafrosti, naye atakuwa amekosea kabisa. Mimi nilikuwa wa pili. Kiangazi changu cha kwanza nilichora taliki, yaani ardhi iliyoyeyuka ndani ya permafrosti, mahali ambapo kipimajoto kilichoshushwa kwenye tundu baadaye kilionyesha nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Tangu hapo siendi kwenye bonde lolote la pwani bila tundu moja lenye vipimajoto.

Kwenye chumvi rada inakufa katika mita ya kwanza au ya pili, na nyaya za kukokota nimeshazieleza. Vigingi vinafanya kazi vizuri kwa maana ya kutoa namba safi. Koili ndiyo inayong'aa, na hata helikopta inaweza kuibeba. Mwaka 2011 kitanzi kikubwa cha namna hiyo kilirushwa juu ya mabonde makavu ya McMurdo, Antaktika, na matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha chini ya barafuto ya Taylor na chini ya permafrosti ya bonde lake nyenzo zenye omu-mita 10 hadi 800, zikafasiriwa kuwa maji ya chumvi yaliyoko mahali pa baridi kali ambapo maji matamu yangeganda. Hakuna idadi ya vigingi ambayo ingeifanya kazi hiyo katika msimu mmoja.

Ukitaka kurudi mwaka hadi mwaka

Kama swali lako ni mabadiliko, barafu inapungua au la, mjadala ni mfupi. Vigingi, vilivyoachwa ardhini. Kwenye mlima Schilthorn, Uswisi, vimekuwepo tangu mwaka 1999, na kwenye kisiwa cha Deception huko Antaktika kisanduku kinachojiendesha chenyewe kimefuatilia kuganda na kuyeyuka kwa tabaka hai kwa ukaribu ambao mtu anayerudi mara moja kwa mwaka hawezi kuufikia. Kigingi kisichohama kina faida kubwa: makosa mengi ya kila kipimo yanafanana, kwa hiyo ukitoa cha mwaka jana kwenye cha mwaka huu, makosa yanapungua na mabadiliko yanabaki. Rudi tarehe ileile. Tofauti ya wiki tatu kati ya Agosti na Septemba inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya miaka kumi.

Watu, dubu na sheria

Hili huachwa nje ya vitabu, nami naliweka kwa uzito. Svalbard hairuhusu gari wala pikipiki kwenye ardhi isiyo na theluji nje ya barabara, kwa hiyo kila kilo ya kiangazi ni ya mgongoni. Kebo za vigingi ni nzito kuliko wanafunzi wanavyotarajia. Masalio yote ya shughuli za binadamu ya kabla ya mwaka 1946 yanalindwa na sheria, ikiwemo mbao kuukuu ya wawindaji unayodhani ni takataka, na kupigilia chuma karibu nayo ni kosa. Nje ya mji lazima uwe na njia ya kumfukuza dubu wa ncha, na kawaida mtu mmoja wa kundi huwa halindi kitu kingine ila upeo wa macho. Mstari wa vigingi unaweza kuwaweka watu sehemu moja kwa saa nne au tano, rada inawapitisha. Na kisanduku kinatoa volti mamia: kabla ya kubonyeza kitufe, kila aliye kwenye mstari aitike kwa sauti.

Ukiwa na siku mbili, watu watatu na hujui utakutana na nini, fanya hivi. Kiangazi, siku ya kwanza asubuhi, tembea eneo zima na koili ndogo kama EM31 ili ujue wapi kuna chumvi au ardhi iliyoyeyuka. Mchana, weka mstari mmoja wa vigingi wa nafasi ya mita 2 ukivuka mpaka ulioonyeshwa na koili. Mita 80 zitakupa kina cha kama mita 14. Siku ya pili, pitisha rada juu ya mstari huohuo ikiwa koili haikukuta chumvi. Jioni, chukua kekee ya mkono uende mahali namba zilipokuwa kubwa kuliko kote, uchoronge hadi nguvu ziishe, na ukitoa mche wa kwanza, yaani kipande cha ardhi kilichokatwa na kekee, uliochanganyika na barafu, upige picha kabla haujaanza kutoa jasho mikononi mwako.